Kifaru na Tingatinga katika Nyika ya Kongwa

Kiswahili kina majina mawili ya mitambo mizito iendayo kwa minyororo, na majina yote mawili yamepatikana kwa njia ya macho na masikio. Gari la vita lenye deraya na mzinga liliitwa kifaru, kwa kuwa ngozi yake ni ngumu, umbo lake ni zito, na likikasirika halichagui njia. Mtambo wa kusukumia udongo na kuvutia majembe uliitwa tingatinga, na mwenye kuusikia ukipanda mlima hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Mitambo hii ni ya koo mbalimbali: mmoja wa vita, mwingine wa shamba na barabara. Lakini palikuwa na wakati ilipokutanishwa mahali pamoja, ikapewa kazi moja chini ya jua moja, na ikapimwa kwa mizani moja. Mahali hapo palikuwa Kongwa, katika Ugogo, na wakati huo ulikuwa baina ya mwaka 1947 na mwaka 1951.

Asimamaye Chimwaga, mashariki ya mji wa Dodoma, mahali kilipojengwa Chuo Kikuu cha Dodoma baada ya kuanzishwa mwaka 2007, huona mbele yake sura ya uwanda wote wa kati: udongo mwekundu, vichaka vya miiba, majabali, na hapa na pale mbuyu uliosimama peke yake kama mzee aliyeachwa na rika lake. Kutoka hapo kwenda Kongwa ni mwendo usiofika kilomita 100, kwa barabara ya Morogoro mpaka Mbande, kisha kuiacha barabara kuu. Nchi ni ile ile. Mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili. Mwaka mmoja hunyesha ikashibisha, mwaka mwingine hutishia kwa mawingu ikapita. Wagogo waliijua tabia hiyo kwa gharama kubwa. Njaa waliyoiita Mtunya, iliyowashika baina ya mwaka 1917 na mwaka 1920 baada ya majeshi ya vita vya kwanza kula nafaka na mifugo yao na mvua kukosekana, iliacha nyumba nyingi bila wenyewe. Kwa hiyo akiba yao waliiweka katika ng'ombe, mali iwezayo kuyafuata maji, na katika mtama na uwele, mimea iwezayo kungoja. Mtu aliyelima hapo alikuwa na mashamba mawili matatu mbalimbali, ili mvua ikikosea moja ipate jingine.

Katika nchi ya namna hiyo Serikali ya Uingereza ilikusudia kupanda karanga kwa kiasi ambacho dunia haijapata kuona. Baada ya vita vya pili Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa katika kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba mafuta hayo yatafutwe katika nyika tupu za Afrika ya Mashariki. Wajumbe watatu, wakiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, walipewa majuma tisa ya kuitazama nchi, na sehemu kubwa waliitazama kutoka katika ndege. Waliporudi waliandika kwamba ekari 3,210,000 zingeweza kulimwa katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya paundi milioni 25 hivi. Waziri wa Chakula, John Strachey, alilikubali shauri. Kongwa ikachaguliwa kuwa ya kwanza, kwa sababu ilikuwa karibu na reli ya kati, na kwa sababu ilikuwa na watu wachache. Mtu mwingine angeuliza kwa nini nchi iliyo karibu na reli ina watu wachache. Swali hilo halikupewa nafasi yake.

Hesabu zote hizo zilisimama juu ya nguzo moja, nayo ni mtambo. Ekari 150,000 zilitakiwa ziwe tayari katika mwaka wa kwanza. Hapana jeshi la majembe ya mkono ambalo lingefyeka na kung'oa visiki kwa mwendo huo. Msingi wa shauri lote ulikuwa kwamba injini ingefanya kazi ya mikono elfu, na kwamba injini ikipatikana mengine yote yangejifuata.

Injini hazikupatikana. Mwaka 1947 dunia nzima ilikuwa inajenga upya yale yaliyobomolewa na vita, na viwanda vya Marekani vilivyokuwa vikitengeneza matrekta mazito vilikuwa na wateja wengi kuliko bidhaa. Zaidi ya hayo, bidhaa za Marekani zililipiwa kwa dola, na katika mwaka huo huo Uingereza ilipatwa na msiba wa uhaba wa dola hata ikahesabu kila senti. Palibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kununua mitambo mikuukuu iliyoachwa na majeshi. Ya pili ilikuwa kuchukua silaha zilizobaki bila kazi na kuzigeuza kuwa vyombo vya shamba. Njia ya kwanza ilimleta tingatinga, na ya pili ilimleta kifaru.

Tingatinga wa Kongwa wengi walitoka mbali, katika visiwa vya Ufilipino, ambako jeshi la Marekani liliacha mitambo mingi baada ya kumalizika vita vya Pasifiki. Mitambo hiyo ilikuwa imechonga viwanja vya ndege na barabara katika matope ya visiwani, kisha ikalala nje katika mvua na chumvi ya bahari. Iliposhushwa katika bandari ya Dar es Salaam ilikuwa mizee tayari. Mingine ilikuja bila historia yoyote: haikujulikana imefanya kazi kwa saa ngapi, wala mafuta yake yalibadilishwa lini. Bandari yenyewe ilikuwa ndogo kwa shehena hiyo, na reli ilikuwa moja tu, nayo hupita baina ya Kilosa na Gulwe kando ya mto Kinyasungwe, mto ambao hata katika miaka ya karibuni umeendelea kuibomoa njia kila mvua zinapozidi. Basi mtambo mzee ulipofika Kongwa ulikuwa umechoka kwa vita, kwa bahari na kwa safari.

Hata hivyo ulikuwa mtambo wa kazi tangu kuzaliwa kwake. Ichukuliwe mfano Caterpillar ya aina ya D8, iliyokuwa kubwa katika ukoo wake zama hizo. Injini yake ya dizeli ilikuwa na silinda sita, na ujazo wake ulipita lita 20. Lakini injini kubwa kiasi hicho ilizunguka taratibu, kiasi cha mara 1,000 kwa dakika au pungufu. Kuiwasha kulikuwa na adabu yake: dereva aliwasha kwanza injini ndogo ya petroli yenye silinda mbili, nayo ndiyo iliyoizungusha ile kubwa mpaka ikashika moto. Mwendo wake wa kasi kabisa haukufika maili sita kwa saa. Mtu mzima mwenye haraka angeweza kuipita kwa miguu. Lakini upole huo ndio uliokuwa nguvu yake, kwa maana nguvu yote ya injini ilishushwa na gia ikawa ya kuvuta na kusukuma tu, haikutumika katika kukimbia. Fremu za minyororo yake hazikuwa na springi laini. Zilikuwa ngumu, zikakaa chini kama tumbo la mamba, na bapa la chuma lililotangulia mbele likakata kwa kina kile kile ambacho dereva alikitaka. Gurudumu la meno lililouvuta mnyororo lilikuwa nyuma, hata sehemu ya mnyororo iliyokanyaga ardhi ikawa imenyooka na kukaza kila mtambo ulipovuta. Na kila kilichohitaji mkono wa fundi kilifikika kwa kufungua bolti chache.

Kifaru kilikuwa na nasaba nyingine. Sherman ilikuwa silaha mashuhuri ya Marekani. Viwanda vilitoa karibu 50,000 katika muda wa miaka minne hivi, na Waingereza waliitumia kwa sifa katika El Alamein mwezi wa Oktoba mwaka 1942. Haki ya kifaru hiki lazima itolewe: miongoni mwa vifaru vya zama zake kilisifiwa kwa kutoharibika upesi, hata jangwani, na baadhi yake vilifungwa bapa mbele vikasukuma vifusi na kuta katika Normandy mwaka 1944. Kwa hiyo waliofikiri kwamba kingeweza kufyeka vichaka hawakuwa wendawazimu. Kampuni ya Vickers-Armstrongs, iliyokuwa hodari wa kuunda silaha, ilipewa kazi ya kuvigeuza. Sehemu ya juu yenye mzinga iliondolewa, deraya ikapunguzwa, mwili ukafanywa kuwa wa trekta, na mtambo mpya ukapewa jina lililoungwa kwa majina ya wazazi wake wawili: Shervick. Watu walilipenda jambo hili kabla hawajaliona. Silaha kugeuzwa jembe ni fikira nzuri, yenye baraka ndani yake, na baada ya miaka sita ya kuuana hapana aliyetaka kuipinga. Tena kifaru kililipiwa kwa paundi, wala hakikugusa akiba ya dola. Kwa mweka hesabu wa London hapakuwa na ubishi.

Lakini kilichovuliwa kilikuwa ni nguo. Mifupa ilibaki ya askari. Sherman iliundwa ibebe tani 30 hivi, pamoja na watu watano, na iende zaidi ya maili 20 kwa saa katika barabara, ipige na kukimbia. Injini yake ilikaa nyuma na gia zake mbele. Baina yao ulipita mtaimbo mrefu chini ya miguu ya askari. Magurudumu yake yalikaa juu ya springi ili mpiga mzinga asitikiswe. Mambo haya yote ni fadhila katika vita. Shambani kila fadhila ilikuwa na deni lake. Springi zilizomlinda mpiga mzinga zilizifanya pua za mtambo kuinama na kuinuka, na bapa likinesa hivyo hukwaruza mahali pamoja na kuzama mahali pengine. Gurudumu la meno lilikuwa mbele, hivyo mchanga na vipande vya mizizi vilivyopandishwa na mnyororo vililetwa moja kwa moja mpaka penye meno. Namna yake ya kugeuka nayo haikumfaa mfyekaji: Sherman haikuweza kusimamisha mnyororo mmoja ikazunguka mahali pake, ilihitaji duara pana, hali mtu anayefyeka msitu hugeuka mara mia kwa siku, mara nyingine katika nafasi isiyozidi urefu wa mtambo wake. Tingatinga, mwenye klachi na breki kwa kila mnyororo, aligeuka kama ng'ombe wa plau afikapo mwisho wa mtaro.

Kazi yenyewe inafaa kuelezwa, kwa maana hapo ndipo mizani ilipowekwa. Msitu wa Kongwa haukuwa wa miti mirefu. Ulikuwa kichaka kilichosukana, cha kimo cha mtu na nusu au zaidi, na kati yake mibuyu. Mgeni aliogopa mbuyu, kwa kuwa ni jitu. Na mbuyu ulikuwa na hila zake, maana mti wake ni laini, umejaa maji na nyuzi, na chuma huzama ndani yake bila kuuvunja. Tena nyuki hupenda mashimo yake, na mara nyingi dereva aliyeusukuma mbuyu alikimbia akiacha injini inanguruma nyuma yake. Kiswahili huita mzinga silaha ya kifaru na nyumba ya nyuki, na huko Kongwa mzinga wa pili ulishinda. Lakini mbuyu mmoja huweza kuachwa, shamba likapita pembeni. Adui asiyeachika alikuwa mzizi wa kichaka, mwembamba, mwingi, uliofumwa chini ya ardhi kama ukindu wa mkeka. Kuliangusha pori juu ya ardhi kulikuwa kazi ya nusu. Nusu ya pili, iliyokuwa ngumu zaidi, ilikuwa kukata na kuitoa mizizi, na hapo ndipo vyuma vilipotafunwa.

Njia kadhaa zilijaribiwa. Mojawapo ilikuwa kufunga mnyororo mzito, kama ule wa nanga za meli, baina ya mitambo miwili ikaenda sambamba na kulilaza pori lililokuwa kati yake. Katika kazi hiyo sifa inayotakiwa ni usawa: mitambo miwili iende kwa mwendo mmoja, kwa nguvu moja, bila kuvutana kwa ghafula. Tingatinga wenye injini nzito za kuzunguka taratibu walikuwa na tabia hiyo. Mtambo uliozaliwa kwa kukimbia hufanya kazi hiyo kwa kujizuia, na chuma kinachojizuia kutwa huchoka kuliko kinachovuta kutwa.

Msomaji asidhani kwamba tingatinga walikuwa wakifanya kazi bila kuugua. Chama cha kwanza cha watu wa mradi kilifika Kongwa Februari mwaka 1947, na matrekta yakaanza kufika mwezi wa Aprili. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya mitambo, kiasi cha theluthi mbili, ilikuwa imelala katika karakana au nje yake. Uzee wa Ufilipino ulikuwa sehemu ya sababu. Sababu nyingine ilikuwa vipuri. Mitambo iliyookotwa popote haikuwa ya aina moja wala ya mwaka mmoja, na kipuri cha huyu hakikumfaa yule. Mafundi wakawa wanafanya kama watu wa njaa wanavyofanya na mifugo: mmoja huchinjwa ili wengine waishi. Katika ekari 150,000 zilizokusudiwa, ekari 7,500 hivi tu ndizo zilizofikia kupandwa karanga.

Hata hivyo uzee wa tingatinga ulikuwa na faraja moja ambayo kifaru hakikuwa nayo. Tingatinga alikuwa na ndugu duniani. Palikuwa na watu, katika migodi, katika barabara, katika jeshi, waliokwisha kufungua injini ya namna ile mara nyingi na kujua beringi ipi hufa kwanza. Kipuri chake kilikuwa ghali na kilikuwa cha dola, lakini kilikuwapo mahali fulani, kimeandikwa namba yake. Shervick haikuwa na ndugu. Ilikuwa mtambo wa nusu na nusu, na fundi aliyekwama hakuwa na wa kumwuliza, kwa kuwa mjuzi wa Sherman alijua vita na mjuzi wa trekta alijua shamba, na hapana aliyejua vyote viwili vikiwa katika mwili mmoja. Vifaru vilivyogeuzwa havikuleta matunda yaliyotazamiwa, na katika habari za mradi vimebaki kutajwa zaidi kwa ajabu yake kuliko kwa kazi yake.

Hapa hukumu ya mitambo miwili yaweza kutolewa bila wasiwasi. Kwa nguvu za injini peke yake, kifaru hakikuwa na sababu ya kuona haya. Kwa manufaa, yaani kazi itokayo kwa kila siku ya mafuta, jasho na fedha, tingatinga mzee alikuwa bora. Aliyenunua mzee mwenye ukoo alipata hasara ndogo kuliko aliyeunda mpya asiye na ukoo, ijapokuwa katika karatasi za London bei ilisema kinyume.

Kuna wahusika wa mizani hiyo ambao habari nyingi za mradi huwapita upesi, nao ni madereva na mafundi wa Kiafrika. Maelfu walikwenda Kongwa kutoka pande zote za Tanganyika, wengi wakiwa hawajapata kushika usukani wa chombo chochote, na kwa majuma machache wakafundishwa kuendesha mtambo wenye uzito wa tembo watatu wanne. Walilaumiwa sana kwa kuharibu mitambo. Lawama hiyo haikosi kweli yake, kwa maana mwanafunzi wa siku ya kwanza hukanyaga klachi kama anayeua nyoka. Lakini mtambo uliofika ukiwa umechoka, bila vipuri, katika vumbi la mchanga mkali, ungevunjika hata mikononi mwa aliyeuunda. Nao hawakuwa watu wa kunyamaza. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipoanza mwezi wa Septemba mwaka 1947, ulipanda pamoja na reli ukafika mpaka Kongwa, na mitambo iliyokuwa mizima ikasimama pamoja na iliyokuwa mibovu. Basi uzima wa mtambo ulitegemea pia mshahara wa mtu aliyeukalia, jambo ambalo halikuwamo katika hesabu za majuma tisa.

Sasa lafaa liulizwe swali gumu zaidi. Kama tingatinga wangalikuwa wapya, wote wa aina moja, na vipuri vyao vimejaa ghala, je, mradi ungalifanikiwa? Wengi waliouandika mradi huu wameielekeza lawama kwenye mitambo, na lawama hiyo ina utamu wake, kwa sababu mtambo haujibu. Lakini ardhi ya Kongwa inatoa ushahidi mwingine. Udongo wake una chembe kali za mchanga pamoja na ufinyanzi. Ukiwa na maji hulimika. Mvua ikikatika na jua likaupiga, hukauka ukawa kama sakafu. Chembe zake zilisaga majembe na visu vya kukatia mizizi kama jiwe la kunolea. Karanga ni mmea unaozaa ndani ya ardhi. Hata pale ilipoota na kuzaa, udongo uliofumba ulizishika mbegu, na mashine za kuvuna zikang'oa majani zikaacha karanga chini. Mwaka 1949 ukaleta ukame. Hapo hapakuwa na tofauti tena baina ya mtambo mzuri na mtambo mbaya.

Tena kuna jambo lenye uchungu zaidi. Pori lile lililochukiwa lilikuwa blanketi. Mizizi iliyofumana ndiyo iliyoushika udongo, na majani yaliyooza ndiyo yaliyoufanya unywe mvua. Kila ekari iliyofyekwa kwa ustadi ilikuwa ekari iliyovuliwa nguo mbele ya jua na upepo. Basi kadiri tingatinga alivyoifanya vyema kazi yake ndivyo alivyouleta msiba karibu zaidi. Na kifaru, kwa kushindwa kwake, kilikuwa na madhara machache kuliko mwenzake aliyefaulu. Mizani iliyopima mitambo kwa idadi ya ekari ilikuwa mizani sahihi katika soko lisilo lake. Mgogo mwenye mashamba matatu madogo mbalimbali alikuwa ameipima nchi ile kwa kipimo kingine, nacho ni hasara ambayo mtu aweza kuistahimili mvua ikikosa. Kwa kipimo hicho shamba moja la ekari 30,000, ambalo ndilo lilikuwa fungu moja katika mpango wa Wakefield, lingeonekana ni kamari kabla injini ya kwanza haijawashwa.

Mambo ya mwisho yalikwenda upesi. Shirika la Overseas Food, lililopokea mradi kutoka kwa United Africa mwaka 1948, lilipunguza shabaha yake mara kwa mara. Bunge la Uingereza likapiga kelele. Na Januari mwaka 1951 shauri kubwa lilitangazwa kuwa limekwisha, na zaidi ya paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni. Fedha zilizofutwa zilizidi gharama yote iliyokadiriwa mwanzoni kwa ekari zile milioni tatu. Njia ndogo ya reli iliyojengwa kutoka Msagali kwenda Kongwa na Hogoro nayo haikuishi siku nyingi baada ya mradi.

Fikira ya kwamba mtambo hutangulia na mambo mengine hufuata haikufa Kongwa. Baada ya uhuru, Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilianzisha makazi mapya ya wakulima yaliyopewa matrekta na majengo ya gharama kabla wakazi hawajajua watalipaje, na mwaka 1966 Serikali ikaamua kutoendelea na mpango huo. Azimio la Arusha, mwaka uliofuata, lilitia mkazo katika ardhi, watu na juhudi mbele ya fedha. Mwalimu Nyerere aliwahimiza wakulima watoke katika jembe la mkono waende kwenye plau ya ng'ombe kabla ya kuota trekta. Wapo waliolicheka shauri hilo kuwa la kurudi nyuma, lakini ng'ombe wa plau ana sifa ambazo Shervick haikuwa nazo: ana ndugu kila mahali, kipuri chake huzaliwa zizini, na aliye mzee huliwa.

Kongwa yenyewe imepokea wageni wengine tangu hapo. Katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika ya Kusini, Namibia, Angola na Zimbabwe walipata kambi huko, na watu waliojifunza vita wakaishi mahali ambapo silaha zilikuwa zimejifunza kilimo. Mahindi na nafaka nyingine za wilaya hukusanyika Kibaigwa, penye soko kubwa kando ya barabara kuu, zikiwa zimelimwa na wakulima wa jembe, wa plau na wa trekta la kukodi, kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake na mvua yake. Na sehemu kubwa ya ile nyika iliyofyekwa kwa karanga iliota majani, ikafanywa ranchi ya ng'ombe. Wanyama hao hulisha mahali ambapo minyororo ilipita, wakisogea polepole kuufuata unyevu, kama walivyofanya ng'ombe wa Wagogo kabla ya mwaka 1947.